Kutoka Kiseyeye hadi Mkazo wa Oksidisho: Historia ya Vidonge vya Vitamini C na Ushahidi wa Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya vitamini C kuanzia safari za mabaharia wa Kireno katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 hadi majaribio makubwa ya kitabibu yaliyofanyika Dar es Salaam kati ya mwaka 1995 na 2009. Hoja kuu ni kwamba mambo matatu yaliyothibitishwa kwa nyakati na njia tofauti yamekuwa yakichukuliwa kana kwamba ni jambo moja. La kwanza ni kwamba vitamini C huponya ugonjwa unaotokana na kukosekana kwake. La pili ni kwamba katika maabara vitamini C huzuia uharibifu wa oksidisho. La tatu, ambalo ushahidi wake ni haba, ni kwamba mtu asiye na upungufu hufaidika kwa kuongezewa vitamini hiyo kwa kiasi kikubwa. Makala yanaonyesha kuwa ushahidi uliokusanywa katika ukanda wetu wenyewe unasaidia kuyatenganisha mambo hayo. Yanaonyesha pia kuwa istilahi za Kiswahili tunazozitumia kuieleza elimu hii zina athari katika sera. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa washauri wa sera na watafiti.

1.0 Utangulizi

Katika maduka ya dawa ya miji yetu, kuanzia Bujumbura na Bukavu hadi Kampala, Mombasa na Dar es Salaam, vidonge vya vitamini C ni miongoni mwa bidhaa ambazo mnunuzi huzipata bila cheti cha daktari. Wapo wanaovinunua kwa sababu ya mafua, wapo wanaovinunua ili kuimarisha kinga ya mwili, na wapo walioambiwa kwamba vidonge hivyo huondoa sumu mwilini na kuchelewesha uzee. Katika miaka ya janga la UVIKO-19 mahitaji hayo yaliongezeka, sambamba na yale ya malimau na tangawizi.

Nyuma ya dai la kuondoa sumu ipo nadharia ya kisayansi yenye historia yake, yaani nadharia ya mkazo wa oksidisho. Kwa mujibu wa nadharia hii, mwili unapotumia oksijeni huzalisha molekuli zenye uwezo mkubwa wa kushambulia mafuta, protini na chembe za urithi zilizo ndani ya seli. Baadhi ya molekuli hizo huitwa radikali huru. Mwili una mfumo wake wa kuzidhibiti, na vitu vinavyofanya kazi hiyo huitwa antioksidanti. Uzalishaji unapouzidi udhibiti, hali inayotokea ndiyo iliyopewa jina la mkazo wa oksidisho. Kwa kuwa vitamini C ni antioksidanti, imeonekana ni jambo la mantiki kwamba kuiongeza kutapunguza mkazo huo, na kwamba kuupunguza mkazo huo kutapunguza maradhi.

Kila kiungo katika mnyororo huo wa hoja kinahitaji ushahidi wake. Makala haya yanachunguza namna viungo hivyo vilivyounganishwa katika historia, mahali vilipokatika, na kwa nini suala hili linawahusu watunga sera wa nchi ambazo zina raia wenye upungufu halisi wa virutubisho na vilevile raia wanaotumia fedha zao chache kununua wasichokihitaji.

2.0 Pwani, bahari na ugonjwa wa upungufu

Ugonjwa uliosababisha vitamini C itafutwe huitwa kiseyeye. Fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, vidonda vya zamani hufunguka, na hatimaye mgonjwa hufa. Sababu yake ya kibiolojia inafahamika leo: mwili huhitaji vitamini C ili kutengeneza kolajeni, protini inayoshikanisha ngozi, mishipa na mifupa. Wanyama wengi hujitengenezea vitamini hii wenyewe. Binadamu hawezi, hivyo hana budi kuipata katika chakula.

Pwani yetu imo katika kumbukumbu za awali za ugonjwa huu. Shajara ya safari ya kwanza ya Vasco da Gama inaeleza jinsi mabaharia walivyovimba fizi walipokuwa katika pwani ya Msumbiji mapema mwaka 1498. Walipofika Mombasa mwezi Aprili, mtawala wa mji aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Mwandishi wa shajara anaandika kwamba wagonjwa wote walipona hapo, na anaihusisha afya hiyo na hewa nzuri ya mji. Wakati wa kurejea kutoka India, baada ya safari ya takriban miezi mitatu baharini, watu thelathini walikuwa wamekwisha kufa. Merikebu zilipotia nanga Malindi Januari 1499, nahodha alimtuma mtu nchi kavu kutafuta machungwa kwa sababu wagonjwa waliyatamani sana.

Tukio hili lina maana mbili kwa historia tunayoifuatilia. Kwanza, tiba ilikuwapo na ilifanya kazi kabla ya kuwapo maelezo sahihi ya sababu zake. Hewa ilisifiwa kwa kazi iliyofanywa na matunda. Pili, waliopona walikuwa watu waliokosa vitamini hiyo kwa miezi kadhaa. Nafuu yao ya haraka haikuwa dalili ya nguvu ya machungwa kwa kila mtu. Ilikuwa dalili ya ukubwa wa pengo lililozibwa.

Jaribio mashuhuri la daktari James Lind ndani ya merikebu Salisbury mnamo Mei 1747 lilikuja karne mbili na nusu baadaye. Lind aliwagawa mabaharia kumi na wawili wenye kiseyeye katika jozi sita, kila jozi ikipewa tiba yake. Jozi iliyopewa machungwa mawili na limau moja kila siku ilipata nafuu ya wazi katika muda wa siku sita. Hata hivyo, jeshi la majini la Uingereza lilichelewa hadi mwaka 1795 kuagiza juisi ya limau itolewe kwa utaratibu. Katika karne ya kumi na tisa jeshi hilo lilibadili malimau kwa ndimu za visiwa vya Karibi, zenye vitamini kidogo zaidi, na kiseyeye kikarudi kwa baadhi ya wasafiri wa ncha za dunia. Kwa kuwa haikujulikana ni kitu gani ndani ya tunda kinachoponya, haikuwezekana kujua ni kitu gani kilichopungua.

3.0 Kemia: kitu kimoja, njia mbili za ugunduzi

Njia ya kuelekea kwenye jibu ilifunguliwa mwaka 1907, Axel Holst na Theodor Frølich wa Norway walipoonyesha kwamba panya wa Guinea hupata kiseyeye kama binadamu wanapolishwa nafaka pekee. Kuanzia hapo watafiti waliweza kupima nguvu ya vyakula mbalimbali dhidi ya ugonjwa.

Wakati huohuo, njia ya pili ilikuwa ikifuatwa na mtu ambaye hakuwa akitafuta tiba ya kiseyeye. Mhangaria Albert Szent-Györgyi alivutiwa na swali la oksidisho katika viumbe: kwa nini baadhi ya matunda yakikatwa huwa ya kahawia na mengine hayabadiliki rangi? Mwaka 1928, akiwa Cambridge, alitoa taarifa ya kitu alichokitenga kutoka tezi za adrenali na mimea, chenye uwezo wa kuzuia mabadiliko hayo. Alikiita asidi heksuroniki. Mwaka 1932, yeye na Joseph Svirbely, na kwa upande mwingine Charles Glen King na mwenzake nchini Marekani, walionyesha kwamba asidi hiyo ndiyo vitamini C. Pilipili za paprika za mji wa Szeged zilimwezesha Szent-Györgyi kuipata kwa kilo. Norman Haworth wa Birmingham alibainisha muundo wake, na mwaka 1937 wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel, kila mmoja katika taaluma yake.

Kwa hiyo, tangu mwanzo, kitu hiki kilikuwa na sifa mbili. Kilikuwa tiba ya ugonjwa wa upungufu, na kilikuwa kemikali inayozuia oksidisho. Sifa zote mbili ni za kweli. Hata hivyo, ukweli wa sifa ya pili ulithibitishwa katika chupa za maabara na vipande vya mimea, wala haukueleza peke yake ni nini kitatokea katika mwili wa mtu mwenye afya.

Mwaka 1933 Tadeus Reichstein alibuni njia ya kuitengeneza vitamini C kiwandani kutokana na sukari, na mwaka uliofuata kampuni ya Hoffmann-La Roche ya Uswisi ikaanza kuiuza kwa jina la Redoxon. Bei ilishuka na uzalishaji ukaongezeka. Kuanzia hapo palikuwa na bidhaa nyingi kuliko wagonjwa wa kiseyeye, na soko lilihitaji sababu nyingine za kuitumia.

Kiasi kinachohitajika kuzuia ugonjwa kilipimwa kwa uangalifu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mjini Sheffield, Uingereza, watu ishirini waliojitolea waliishi kwa chakula kilichoondolewa vitamini C. Baadhi hawakupewa kabisa, wengine walipewa miligramu 10 au 70 kwa siku. Ilibainika kwamba miligramu 10 zilitosha kuzuia na kuponya dalili za kiseyeye. Mapendekezo ya sasa yameweka akiba juu ya kiwango hicho: Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo yanapendekeza miligramu 45 kwa mtu mzima kwa siku, ilhali Marekani inapendekeza miligramu 90 kwa mwanamume na 75 kwa mwanamke. Chungwa moja la wastani hufikia au kupita kiwango cha kwanza. Pera moja hupita viwango vyote vitatu.

4.0 Kutoka kuziba upungufu hadi kuzidisha kiasi

Mabadiliko makubwa ya fikra yalikuja mwaka 1970, mwanakemia Linus Pauling, aliyekwisha kupata Tuzo mbili za Nobel, alipochapisha kitabu kuhusu vitamini C na mafua. Alipendekeza gramu moja au zaidi kwa siku, yaani zaidi ya mara ishirini ya kiwango cha miligramu 45 kilichotajwa hapo juu. Baadaye, akishirikiana na daktari Ewan Cameron wa Scotland, alidai kwamba gramu kumi kwa siku zilirefusha maisha ya wagonjwa wa saratani. Wagonjwa hao walikuwa wamelinganishwa na kumbukumbu za wagonjwa wa zamani. Hospitali ya Mayo ilipofanya majaribio yenye makundi yaliyogawanywa kwa nasibu, na kutoa matokeo mwaka 1979 na 1985, haikuona faida.

Kuhusu mafua, majaribio mengi yamekusanywa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2013, yaliyohusisha majaribio 29 yenye washiriki zaidi ya 11,000, yalihitimisha kwamba kumeza vitamini C kila siku hakupunguzi uwezekano wa kupata mafua kwa watu wa kawaida. Siku za kuugua zilipungua kwa asilimia 8 kwa watu wazima na asilimia 14 kwa watoto. Kundi moja lilitofautiana na mengine: wakimbiaji wa mbio ndefu, watelezaji wa barafuni na askari waliokuwa katika mazoezi makali ya muda mfupi. Kwao hatari ya kupata mafua ilipungua kwa takriban nusu. Hapa tena, hali ya mwili unaopokea ndiyo iliyoamua matokeo.

Sababu mojawapo ya kuzidisha kiasi kutozaa matunda ilielezwa na Mark Levine na wenzake mwaka 1996. Katika utafiti wa vijana saba wenye afya waliopewa dozi kuanzia miligramu 30 hadi 2,500, seli za damu zilijaa kwa takriban miligramu 100 kwa siku. Kiwango katika damu kilikaribia ukomo kwa miligramu 200. Dozi zilipozidi miligramu 500, kilichoingia kwenye damu kilitolewa karibu chote kwa mkojo. Mwili wenyewe umejiwekea mpaka.

5.0 Nadharia ya mkazo wa oksidisho mbele ya majaribio

Denham Harman wa Marekani alipendekeza mwaka 1956 kwamba uzee husababishwa na madhara ya radikali huru yanayojilimbikiza. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich walieleza kimeng'enya kinachoangamiza mojawapo ya radikali hizo, ikawa dhahiri kwamba mwili una sababu ya kujilinda. Mwaka 1985 Helmut Sies wa Ujerumani alilipa dhana ya mkazo wa oksidisho jina na maana iliyoenea. Kufikia miaka ya 1990 nadharia ilikuwa na nguvu ya kutosha kupimwa kwa maelfu ya watu.

Matokeo yalikuwa ya kushtua. Nchini Finland, jaribio la wanaume 29,133 wavutaji wa sigara lililochapishwa mwaka 1994 lilionyesha kwamba waliopewa beta-karotini, ambayo nayo ni antioksidanti, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Kuhusu vitamini C yenyewe, jaribio lililowahusisha madaktari wanaume 14,641 wa Marekani, waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka minane, lilipima miligramu 500 kwa siku. Halikuona upungufu wa maradhi ya moyo wala wa saratani.

Hata vipimo vya mkazo wenyewe havikutoa jibu moja. Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza waliwapa watu 30 wenye afya miligramu 500 kwa siku kwa wiki sita. Alama moja ya uharibifu wa chembe za urithi ilipungua na nyingine ikaongezeka. Utafiti huo ulizua mjadala mrefu kuhusu njia za kupima, na mjadala huo wenyewe ni funzo: alama ya maabara si afya ya mtu. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake nchini Ujerumani walikwenda mbali zaidi. Vijana waliofanya mazoezi kwa wiki nne walipata uboreshaji wa namna mwili unavyoitikia insulini, isipokuwa wale waliomeza vitamini C na E. Radikali huru zinazozalishwa wakati wa mazoezi zilionekana kuwa ishara ambayo mwili huitumia ili kujiimarisha. Chembe nyeupe za damu nazo huzitumia molekuli za aina hiyo kuua vijidudu. Kitu kilichoitwa adui kina kazi yake.

Mwaka 2022 jaribio lililoongozwa kutoka Canada, la wagonjwa 872 mahututi wenye maambukizi makali, lilitoa onyo zito. Vitamini C ilitolewa kwa njia ya mshipa na kwa dozi kubwa. Waliokufa au kubaki na viungo vilivyoshindwa kufanya kazi siku ya 28 walikuwa asilimia 44.5 ya waliopewa vitamini, na asilimia 38.5 ya wasiopewa.

6.0 Ushahidi wa Dar es Salaam

Historia iliyosimuliwa hadi sasa ni ya Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako washiriki wengi wa majaribio walikuwa watu wanaokula vya kutosha. Swali linalobaki ni je, matokeo yangekuwaje kwa watu wenye lishe duni na maradhi makubwa? Mojawapo ya majibu muhimu duniani lilipatikana Dar es Salaam.

Kati ya mwaka 1995 na 1997, watafiti wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiongozwa na Wafaie Fawzi na Gernard Msamanga, waliwaandikisha wajawazito 1,078 wanaoishi na VVU. Dawa za kufubaza VVU hazikuwa zikipatikana kwa wananchi wa kawaida. Ilijulikana kwamba watu wenye VVU mara nyingi wana viwango vya chini vya vitamini, na ilidhaniwa kwamba mkazo wa oksidisho huchochea virusi kuzaliana. Baadhi ya wanawake walipewa multivitamini zenye vitamini za kundi B, vitamini E, na miligramu 500 za vitamini C. Wengine walipewa vitamini A, wengine vyote kwa pamoja, na wengine vidonge visivyo na dawa.

Matokeo ya mwaka 1998 yalionyesha vifo 30 vya watoto tumboni kwa waliopata multivitamini, dhidi ya 49 kwa wasiozipata. Watoto waliozaliwa na uzito mdogo walipungua pia. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba, kati ya wanawake 271 waliopewa multivitamini pekee, 67 walifikia hatua ya mwisho ya UKIMWI au kufariki. Kati ya 267 wa kundi linganishi, idadi ilikuwa 83. Vitamini A kwa upande wake haikuwa na faida hiyo, na iliongeza hatari ya mtoto kuambukizwa. Jaribio jingine mjini humo, la wajawazito 8,468 wasio na VVU, lilionyesha mwaka 2007 kwamba multivitamini zilipunguza watoto wenye uzito mdogo kutoka asilimia 9.4 hadi 7.8.

Kisha mazingira yalibadilika. Kuanzia mwaka 2004 Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza VVU bila malipo. Je, multivitamini za dozi kubwa zingewafaa wanaotumia dawa hizo? Kuanzia Novemba 2006, wagonjwa 3,418 wa kliniki za Dar es Salaam waliokuwa wakianza dawa walipewa ama multivitamini za dozi kubwa ama za dozi ya kawaida. Mwezi Machi 2009 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu kimeng'enya kinachoashiria kuumia kwa ini kilipanda zaidi kwa waliopewa dozi kubwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 na Sheila Isanaka na wenzake yalionyesha kwamba kuhusu kuendelea kwa ugonjwa au kifo, makundi mawili hayakutofautiana hata kidogo.

Majaribio haya yasomwe kwa tahadhari. Vitamini C ilitolewa pamoja na nyingine, hivyo sifa au lawama haiwezi kubebeshwa yenyewe peke yake. Aidha, jaribio la mwisho lililinganisha dozi kubwa na dozi ya kawaida, si na vidonge visivyo na dawa. Halisemi kwamba vitamini hazina kazi kwa mgonjwa wa VVU, bali kwamba kuzizidisha hakukuongeza kitu. Yakisomwa kwa pamoja, yanaonyesha jambo ambalo majaribio ya nchi tajiri hayangeweza kulionyesha: katika mji uleule, kwa ugonjwa uleule, vitamini zilizosaidia wakati hapakuwa na dawa wala lishe ya kutosha hazikuongeza faida kwa dozi kubwa dawa zilipofika, na zikaleta hatari mpya.

7.0 Ushahidi ulivyogeuzwa

Wakati watafiti walipokuwa wakiandika kwa tahadhari, wengine waliyasoma matokeo ya Dar es Salaam kwa namna nyingine. Matthias Rath, daktari wa Kijerumani aliyewahi kufanya kazi na Pauling, alitangaza vitamini zake nchini Afrika Kusini katikati ya miaka ya 2000 kama jibu la UKIMWI, huku akizishutumu dawa za kufubaza virusi kuwa ni sumu. Matangazo yake yaliutaja utafiti wa Tanzania kama ushahidi. Watafiti wenyewe walikanusha hadharani, wakieleza kwamba multivitamini si mbadala wa dawa.

Mwaka 2008, katika shauri lililofunguliwa na Treatment Action Campaign pamoja na chama cha madaktari cha nchi hiyo, Mahakama Kuu ya Cape Town iliamua kwamba majaribio yaliyofanywa na Rath kwa wagonjwa hayakuwa halali, ikazuia matangazo yake yasiyoidhinishwa, na ikasema kwamba serikali ilikuwa na wajibu wa kuchukua hatua. Kosa lililofanyika halikuwa la kuibuni takwimu. Takwimu ilikuwa ya kweli. Kilichoondolewa ni masharti yake.

8.0 Lugha na uwezekano wa kupotoka

Wataalamu wa Kiswahili wana sehemu yao katika suala hili. Katika matangazo, neno antioksidanti hufasiriwa kwa kawaida kuwa kitu kinachoondoa sumu mwilini. Tafsiri hiyo ni rahisi kueleweka, lakini inapotosha. Sumu ni kitu kigeni kisicho na faida, na ambacho kikipungua ni heri. Radikali huru huzalishwa na mwili wenyewe na baadhi zina kazi. Anayeambiwa kuwa anaondoa sumu hana sababu ya kujiuliza kuhusu kiasi.

Neno upungufu nalo lina mtego wake. Tunalo katika upungufu wa vitamini, na tunalo katika upungufu wa kinga mwilini, ambao ndio msingi wa jina UKIMWI. Katika matumizi ya kwanza, kinachopungua kinaweza kuongezwa kwa chakula au kidonge. Katika matumizi ya pili, kinachopungua ni uwezo wa mwili kujilinda, na sababu yake ni kirusi. Ni rahisi msikilizaji kuhama kutoka maana moja hadi nyingine na kuamini kwamba kila upungufu huzibwa kwa kujaza. Istilahi kama mkazo wa oksidisho, zikifafanuliwa vizuri, zina faida ya kumkumbusha msomaji kwamba tunazungumzia uwiano, si uchafu wa kusafishwa.

9.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya vitamini C inaanza na watu waliokosa na waliopona walipopata. Nguvu ya ushahidi huo imekuwa ikiazimwa kwa zaidi ya miaka hamsini ili kuunga mkono dai tofauti, kwamba kuzidisha ni bora kuliko kutosheka. Majaribio makubwa hayajaliunga mkono dai hilo, na ukanda wetu umechangia sehemu ya ushahidi huo kwa ushiriki wa maelfu ya wagonjwa wake.

Kutokana na hayo, makala yanapendekeza yafuatayo. Kwanza, mpango wowote wa umma wa kugawa virutubisho uanze kwa kupima upungufu wa walengwa, na upimwe upya mazingira ya tiba yanapobadilika, kama yalivyobadilika Tanzania baada ya mwaka 2004. Pili, mamlaka za dawa na za viwango zisikubali alama za maabara za mkazo wa oksidisho kuwa uthibitisho wa dai la tiba katika vifungashio. Lidaiwe tokeo lililopimwa kwa mgonjwa. Tatu, maelezo ya Kiswahili katika vifungashio na matangazo yapitiwe na wataalamu wa lugha pamoja na wa afya, na kauli ya kuondoa sumu isiruhusiwe bila ufafanuzi. Nne, matokeo ya majaribio yanayofanyika katika nchi zetu yachapishwe pia kwa Kiswahili, pamoja na masharti na mipaka yake, ili jamii iliyoshiriki isije ikayasikia kwanza kutoka kwa muuzaji.

Tano, sera ya lishe itangulize chakula. Mapera, ubuyu, machungwa, mapapai na mboga za majani hutoa vitamini C ya kutosha kwa bei ambayo kaya nyingi huimudu katika msimu wake. Kwa kuwa joto na maji mengi huipunguza, elimu ya kupika mboga kwa muda mfupi ina thamani ya kisera. Pale ambapo chakula hakitoshi, kidonge kina nafasi yake halali. Kazi ya mshauri wa sera ni kujua ni nani aliyepungukiwa, kwa kiasi gani, na kwa muda gani, kabla ya kuamua ni nani apewe.